Kusikiliza na Kushika: Daftari la Sauti Kutoka Ishiara





Elimu nyingi ya mwanamke wa pwani hupitia sikioni. Huisikia msikitini nyuma ya pazia, huisikia redioni alfajiri akikanda unga, na siku hizi huisikia zaidi katika simu, darsa ikiwa imetoka kwa mwalimu aliye mji mwingine. Kusikiliza kuna neema yake: mikono hubaki huru kwa kazi, na mtoto mchanga hulala mgongoni huku mama yake akijifunza. Lakini lisikiwalo hupita. Mwenye kitabu hurudi ukurasa. Mwenye sikio hubaki na alichokishika, na mara nyingi alichokishika ni nusu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Elimu nayo ni mali.

Sisi tunaoandika ni akina mama wachache wenye asili ya Mombasa, Malindi na Lamu, tunaoishi Ishiara, Mbeere Kaskazini, katika kaunti ya Embu. Biashara ndiyo iliyozileta familia zetu huku. Ishiara ni mji wa soko katika nyanda za chini, penye joto ambalo mtu wa pwani halimgutushi, isipokuwa hapana upepo wa bahari wa kulipoza. Watu hulima mtama, kunde na zile pojo ambazo huku huitwa ndengu, na hufuga mbuzi. Majirani zetu Wambeere wametupokea vyema, na watoto wetu wanazungumza Kimbeere kuliko sisi. Lakini Waislamu hapa ni wachache, na ustadha wa kukaa na wanawake hatuna. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki husikiliza darsa kutoka Mombasa kwa simu, kila mmoja nyumbani kwake, kisha tunakutana kuzungumza tuliyoyasikia.

Jambo lililotusukuma kutengeneza programu ya simu lilitokea baada ya darsa ya mirathi. Jirani yetu mmoja alikuwa amefiwa na mumewe, aliyeacha duka la nguo na mbuzi kadhaa. Wanawake wawili waliosikiliza darsa ile ile, saa ile ile, walikwenda kumliwaza, na kila mmoja akamfikishia alichojifunza. Wa kwanza alimwambia kuwa mjane hupata robo ya alichoacha mumewe. Wa pili alimwambia kuwa hupata thumni. Kila mmoja alishikilia kuwa alimsikia mwalimu kwa masikio yake mwenyewe, na wote wawili walisema kweli. Mwalimu aliyataja yote mawili: mke hurithi robo iwapo mume hakuacha mtoto, na hurithi thumni iwapo ameacha mtoto, awe wa mke huyo au wa mke mwingine, na yote hayo ni baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Mmoja alikuwa ameinuka kuepua chungu katikati ya maelezo; mwenzake alikuwa akimfungulia mgeni mlango. Kila mmoja alibeba nusu akiidhania ni nzima.

Maneno yakafika kwa mashemeji. Siku ya tatu, nyumba mbili zilikuwa hazisalimiani, na mjane, mwenye watoto watatu na eda yake, alikuwa ameketi katikati ya ugomvi asiouanzisha. Ilibidi mwalimu apigiwe simu. Aliuliza swali moja tu: “Marehemu ameacha watoto?” Alipojibiwa, akaeleza kuwa mama ana thumni yake na watoto wana mafungu yao, na mambo yakatulia. Baadaye mmoja wetu akakumbusha kuwa darsa yenyewe ilikuwa katika simu zetu sote muda wote ule. Ilikuwa ya saa moja na nusu. Nani, katikati ya hasira, angeipekua saa moja na nusu kutafuta sentensi moja? Sauti tulikuwa nayo. Alama ya kuturudisha mahali pake ndiyo iliyokosekana.

Binti wa mmoja wetu alikuwa amerudi nyumbani baada ya kumaliza masomo ya kompyuta, akingojea kazi. Aliketi nasi jikoni akauliza: “Mama zangu, mkisikia neno mnalotaka kulikumbuka, hufanya nini?” Mmoja alisema huandika kiganjani kwa kalamu, na wudhuu hulifuta. Mwingine humwambia mtoto amkumbushe. Wa tatu hujirekodia ujumbe wa sauti, kwa kuwa tangu WhatsApp ilipoleta jambo hilo mwaka 2013 kidole kimezoea kubonyeza na mdomo kusema. Lakini ili afanye hivyo hulazimika kuisimamisha darsa, kutoka, kuingia kwingine, kurekodi, kurudi na kutafuta alipoachia. Na akishapapata, maana aliyotaka kuitunza imeshamtoka. Binti alisikiliza yote, akaandika, kisha akasema atajaribu kutengeneza kitu kimoja cha kufanya kazi zote mbili, kusikiliza na kunukuu. Hatukukipa jina la fahari. Tunakiita daftari.

Daftari hufanya kazi hivi. Mama huifungua darsa ndani yake. Kwenye kioo kuna kitufe kimoja kikubwa. Akisikia neno la kushika, hukibonyeza. Darsa husimama, maikrofoni hufunguka, naye husema kwa maneno yake alichokifahamu au anachotaka kukiuliza. Akiachia, nukuu yake huhifadhiwa pamoja na dakika na sekunde ya darsa iliposimama. Kisha darsa hurudi nyuma sekunde kumi na kuendelea. Sekunde hizo kumi zilitoka kwa mama mmoja mtu mzima, aliyesema kuwa mtu aliyekatizwa huhitaji kushikwa mkono ndipo arudi njiani. Siku akizitaka nukuu zake, huziona zimepangwa moja chini ya nyingine; akigusa moja, husikia sauti yake mwenyewe, na akigusa mara ya pili, humsikia mwalimu pale pale aliponukuu.

Wengi wetu tuliuliza kwa nini darsa isiendelee huku tukisema, ili muda usipotee. Binti alituonyesha sababu kwa vitendo. Simu ikitoa sauti ya mwalimu kwa spika yake huku maikrofoni i wazi, maikrofoni humeza sauti mbili kwa pamoja, na baadaye haijulikani nani alisema nini. Ipo njia ya kuondoa mwangwi, ile inayotumika mtu akizungumza kwa simu kwa kipaza sauti, lakini katika simu za bei nafuu huweza kuyakata hata maneno ya msemaji. Isitoshe, mfumo wa Android una adabu zake: programu inayotaka kusikika huomba nafasi, na iliyokuwa ikisikika hutakiwa kunyamaza au kupunguza sauti kwa muda, kisha hurudishiwa zamu yake. Tulipendezwa kujua kuwa hata mashine hufundishwa kutomkata mwenziwe kauli.

Darsa inayosomeshwa moja kwa moja haitungojei. Kwa hiyo simu huendelea kuipokea kimyakimya na kuiweka akiba, na mama akimaliza kusema huendelea pale alipoachia, akiwa nyuma ya wenzake kwa nusu dakika. Mtandao ukilegea, akiba hiyo hiyo humfaa.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa mikono. Darsa ya jioni hutukuta tukipika, na mwenye unga wa chapati vidoleni hagusi kioo. Jawabu lilikuwa katika hedifoni za waya, zile za bei ndogo zinazouzwa hata sokoni: kwenye waya wake kuna kitufe kidogo cha kupokelea simu. Binti alikiagiza kitufe hicho kifanye kazi ya kile kikubwa cha kwenye kioo. Sasa mama hukibana kwa nyuma ya kidole, husema, hukibana tena, na chapati haiungui.

Nafasi ya simu nayo ilitutia wasiwasi, maana simu zetu zimejaa picha za harusi na za wajukuu. Sauti ikihifadhiwa ghafi bila kubanwa, kwa kiwango cha ubora wa muziki na mkondo mmoja, dakika moja hula zaidi ya megabaiti 5. Lakini kuna mtindo wa kubana sauti uitwao Opus, uliokubaliwa rasmi mwaka 2012 na usiolipiwa, ambao huweza kuitunza sauti ya mtu anayezungumza kwa kilobiti 16 kwa sekunde na ikaeleweka vizuri. Kwa kiwango hicho dakika moja huwa ni kilobaiti 120 hivi, na saa nzima ya nukuu haifiki megabaiti 8. Nukuu za Ramadhani nzima hazizidi nafasi ya picha chache.

Vijana wa nyumba walituuliza kwa nini daftari haligeuzi sauti kuwa maandishi. Tulilijaribu hilo. Mashine za kugeuza sauti hujifunza kwa kusikilizishwa, na kila lugha hufaidi kwa kadiri ilivyosikika. Whisper, iliyotolewa mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo lugha 96 zisizokuwa Kiingereza ziligawana saa 117,000 kwa jumla. Kiswahili kilikuwa mmoja wa wagawanaji hao. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, uliokizingatia Kiswahili kwa nguvu kuanzia mwaka 2021, hukusanya sauti za watu waliojitolea kusoma sentensi, na kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini mazungumzo yetu yana Kiswahili cha Lamu, istilahi za Kiarabu na neno la Kimbeere lililochomoka kwa watoto, vyote katika pumzi moja. Katika majaribio yetu maneno ya twahara na mirathi yalitoka yamepotoka, na katika mirathi neno moja likipotoka haki ya mtu imepotea. Tukaamua kubaki na sauti. Kila nukuu hupewa kichwa cha maneno mawili matatu kwa sauti ya mwenyewe, na hicho humtosha.

Mjadala mkubwa kuliko yote haukuwa wa ufundi. Mgeni mmoja mwenye uzoefu wa biashara za mitandao alimshauri binti kuwa kitufe kikibonyezwa, daftari likate kipande cha sauti ya mwalimu na kukihifadhi, bila mama kulazimika kusema lolote. Ingekuwa rahisi zaidi, na wanaopenda urahisi ni wengi. Baadhi yetu walilikubali shauri hilo. Tukajaribu namna zote mbili kwa wiki kadhaa, wengine hivi na wengine vile, kisha tukakutana kuulizana tulichojifunza.

Waliokata vipande walikuwa na vipande vingi, na walipoulizwa maana yake walisema: “Ngoja nikuwekee usikie.” Waliosema kwa vinywa vyao walikuwa na nukuu chache, lakini walijibu bila kugusa simu. Mmoja aliyekuwa akinukuu masharti ya zaka alisimama katikati ya kusema kwake na kugundua kuwa hajui kama mwaka unahesabiwa tangu alipoanza kuweka akiba au tangu akiba ilipotimia nisabu. Aliuliza hilo hilo katika nukuu, akampelekea mwalimu, na akajibiwa kuwa mwaka huanza akiba inapotimia nisabu. Mwenye kukata kipande asingelipata swali lile, kwa kuwa kipande hakimdai mtu kufahamu. Tukaona kuwa kusema kwa maneno yako ndipo unapojua umeshika nini na kimekuponyoka nini. Sauti ya mwalimu ni ya kurudiwa ili kusahihisha. Sauti ya msikilizaji ndiyo nukuu. Tangu siku hiyo kitufe hakimkubalii mtu aliyenyamaza.

Liko na jambo la sitara, ambalo tunawaomba wasomaji walipime kwa makini. Nukuu za mwanamke hazihusu chakula na nguo peke yake. Humo mna maswali ya hedhi na ndoa, mna deni ambalo mume hajaambiwa, mna dua. Simu nayo katika nyumba zetu ni kama mtungi wa maji: kila mpitaji huinua. Kwa hiyo tulimwomba binti mambo manne. Daftari lifunguliwe kwa namba ya siri. Nukuu zisikike kwa kipaza cha sikioni simu inapoinuliwa, kama mtu anayepokea simu, si kwa spika ya kusikika ukumbini. Nukuu zibaki ndani ya simu na zisipelekwe kokote mpaka mwenyewe aamue kutuma moja kwa moja. Na maikrofoni ifunguke wakati wa kubonyeza tu.

La mwisho hilo kila mtu anaweza kulikagua katika simu yake. Simu za Android kuanzia toleo la 12 huonyesha nukta ya kijani juu ya kioo maikrofoni inapotumika. Ukiiona nawe hukubonyeza kitu, jiulize nani anakusikiliza, kisha nenda kwenye mipangilio umnyang'anye ruhusa. Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu nchini Kenya, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole miongoni mwa data za mwili wa mtu. Sauti yako ni yako. Na ya mwenzio ni yake: hatunasi mazungumzo ya mtu bila idhini yake, awe mwalimu, jirani au muuguzi.

Tunamtaja muuguzi kwa sababu daftari limetoka nje ya darsa. Mama mmoja anayeugua kisukari hulichukua hospitalini. Akishaelezwa namna ya kutumia dawa, huomba ruhusa, kisha husema mbele ya muuguzi alichokifahamu: kidonge hiki kabla ya kula, kile baada ya kula, na Ramadhani ikikaribia arudi kuulizia saumu yake. Muuguzi husikia na kusahihisha palipo na kosa. Hapo nukuu huwa imepimwa kabla ya kufika nyumbani, na wakwe na watoto wanaomhudumia huisikia kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe.

Lakini aliyetufundisha thamani ya kazi hii ni bibi mmoja wa Lamu, aliyepita miaka sabini, anayeishi hapa na mwanawe. Bibi husoma Qur'ani kwa tajwidi nzuri, na ujanani aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi. Herufi za Kirumi hakufundishwa. Kwa hiyo katika kila fomu ya ofisini huandikwa kuwa hajui kusoma, naye hunyamaza. Macho yake sasa yamefifia hata kwa herufi zake. Tulipompa daftari aliuliza kama inafaa kusema taratibu. Nukuu zake ni ndefu kuliko za wote, kwa kuwa kila neno la mwalimu humkumbusha neno alilolisikia kwa baba yake au kwa walimu wake wa zamani, naye huyasema yote. Mabinti wa nyumba zetu, ambao darsa huwachosha, huomba kusikilizishwa nukuu za Bibi.

Jambo hilo si geni pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha. Mwanzoni mwake mama anamwita binti akae karibu naye na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno ya kumwachia. Mama akasema, binti akasikiliza na kushika, na kwa sababu hiyo sisi leo tunamjua mama yule. Ni akina mama wangapi waliokuwa na nasaha kama zake, lakini hapakuwa na wa kuketi karibu na wino?

Bibi ametuuliza swali ambalo bado tunalizungumza: akifa, nukuu zake zitakuwa mikononi mwa nani? Tumeona kuwa hii ni amana kama amana nyingine, na si vyema kuiacha irithiwe na yeyote atakayeikuta simu. Kila mmoja wetu ameambiwa aseme angali hai ni nukuu zipi zibaki, zipi zifutwe, na nani azitunze. Bibi ameshachagua. Zile za maswali yake ya nafsi zifutwe. Zile za mafunzo apewe mjukuu wake wa kike aliye darasa la saba.

Hatuwaiti wasomaji kununua kitu. Daftari haliuzwi, na binti bado analirekebisha. Mwenye haja nalo awasiliane nasi kupitia meza ya jarida hili. Lakini faida kubwa yake hata asiye na programu anaweza kuipata leo kwa simu aliyonayo au bila simu kabisa. Unaposikiliza darsa, isimamishe mara moja au mbili. Sema kwa sauti ulichofahamu. Kumbuka dakika uliposimama. Kisha umweleze mwenzio kabla ya kulala, na mkihitilafiana, rudini kwa mwalimu kabla ya kwenda kwa majirani. Wale wanawake wawili wa robo na thumni ndivyo wafanyavyo sasa, nao husikiliza wakiwa nyumba moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awahifadhi walimu wetu na wazee wetu, na azifanye ndimi zetu kuwa za kheri.

Wabillahi tawfiq.